Dubu anakumbatiwa, kinyonga anapigwa mawe

Jamani niacheni niongee, maana hili jambo limenikaa kooni tangu Jumapili. Mama mdogo kaja kutusalimia, akamkuta mwanangu kavaa yule mdoli wa kinyonga niliyemnunulia sokoni Karume kwenye rundo la mtumba, wale wa kuingiza mkono tumboni halafu kidole gumba ndo kinachezesha taya. Kelele aliyopiga! "Mtoeni mtoto huo uchawi!" Mdoli akarushwa dirishani, mtoto kalia mpaka katapika, na watu wazima sebule nzima wananiangalia mimi.

Na hapohapo kwenye kochi limekaa lidubu la pinki, kubwa kuliko mtoto mwenyewe, kaleta mama mdogo huyohuyo. Dubu! Nani hapa Dar kashawahi kupishana na dubu? Midoli ya dubu kule Marekani ilipewa jina la "Teddy", la utani la rais wao Theodore Roosevelt, kwa sababu mwaka 1902 alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini, roho nzuri kabisa, halafu mwaka 1909 mtu huyohuyo kashuka Mombasa na bunduki, yeye na mwanae Kermit wakaua wanyama zaidi ya 500. Huruma iliishia kwa dubu. Lakini haya, mwenye uchawi ni kinyonga.

Kinyonga hana sumu, hana mwiba, kazi yake kudaka panzi na nzi. Mtoto hazaliwi anamwogopa, sisi ndo tunamfundisha, na tunamfundisha kwa bidii kuliko hata hesabu. Mwanangu akimvaa yule mdoli anapunguza mwendo mwenyewe, mkono unaenda mbele unarudi nyuma, mbele, nyuma, kama jani linalopepea, na hakuna aliyemwelekeza. Aliyemshona naye hakubahatisha, mguu wa mbele vidole vitatu viko ndani na viwili nje, wa nyuma kinyume chake, vilevile alivyo kinyonga mwenyewe. Sikuona mimi, mtoto ndo kakaa chini akahesabu. Halafu siku moja tukamkuta wa kweli kwenye michongoma, jicho moja linatuangalia sisi lingine liko kwa nzi, mtoto akasimama kimya akaanza kumtafuta vidole. Watoto wa jirani wakati huo wameshaokota mawe, na baba yao kasimama pale anacheka!! Anacheka. Niliwafukuza wote, na baba yao nikamwambia yangu, ndo maana siku hizi hatusalimiani.

Wenzetu hao tunaowapiga mawe ni dili huko nje. Kinyonga wa pembe tatu wa Kenya walipelekwa Hawaii mwaka 1972 wakauzwe kama wanyama wa kufuga, wakazaliana mpaka leo wapo porini kule.

Najua mtaniuliza nyoka je. Sawa, hapo mna hoja, kifutu hana utani na sitaki mtoto aone kila chenye magamba ni cha kushikwa, kwa hiyo nyumbani kwangu sheria ni kwamba mdoli ndo unamshika, wa porini unamwangalia kwa macho. Na ya mtumba mfue kwanza kwa maji ya moto, halafu vuteni yale macho ya plastiki kwa nguvu kabla hamjampa mtoto mdogo, yakilegea shoneni upya kwa uzi, maana hayo yakimezwa ndo balaa lenyewe.