Meno ya Mtani Yaliposhuka Mita Sita

Fomu ya afya ambayo sisi walimu wa kuzamia baharini tunampa mgeni kabla ya kumzamisha inauliza mambo mengi: pumu, moyo, presha, kifafa, masikio, mafua ya juzijuzi, dawa unazokunywa, upasuaji, ujauzito. Mwishoni inauliza utapanda ndege lini. Haikuwa inauliza meno. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa asali kutoka Tabora, aliipokea, akavaa miwani yake, akasoma hadi kwenye kifafa, kisha akavuta mstari mmoja mrefu kushuka safu yote ya "hapana", ukapita hadi kwenye ujauzito. Kwenye ndege akaandika "kesho".

"Baba, umesoma yote?"

"Mwanangu, mimi sijalazwa hospitali tangu nizaliwe. Twende."

Aliyemleta ni mpwa wake wa Sinza, ndiye aliyelipa, na simu ilikuwa mkononi tayari kurekodi. Nahodha wetu ni Mzaramo wa Kunduchi. Aliposikia neno Tabora aliiacha kamba aliyokuwa anaifunga.

"Kumbe mtani! Karibu sana. Viatu hivyo usivilowanishe, maana ukizama ni vyangu."

Mzee akamjibu kwamba tangu babu zake walipoacha kushusha pembe za ndovu Pwani, hakuna Mzaramo aliyeshika pesa ya maana. Wakaendelea hivyo hadi kisiwa cha Mbudya, dakika kama ishirini, na mimi nilishindwa hata kupenyeza maelezo ya usalama.

Siku yenyewe ilikuwa ya maji mafu, bahari isipopanda na kushuka sana. Mgeni wa mara ya kwanza hatumpeleki siku za bamvua. Bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku hizo, maji yanakimbia, mchanga unanyanyuka, na mtu anaishia kuona kiganja chake tu. Tunaondoka asubuhi kabla upepo wa kaskazi haujachangamka, na tunashuka maji yakiwa yanajaa kwa sababu ndipo yanapoingia masafi kutoka nje. Mzee alitaka kujua kama anaweza kuokota kombe moja la kumpelekea mkewe. "Hata jiwe, mtani," nahodha akamwambia. "Hapa ni hifadhi tangu 1975. Chukua picha."

Suti ya mpira, ya milimita 3, huvaliwa zipu ikiwa mgongoni. Yeye aliivaa zipu ikiwa kifuani, ikambana koo, na nilipomgeuza akalalamika: nguo gani hiyo mtu mzima anafungwa zipu na mwenzake? Kisha miwani ya kuzamia. Mzee ana masharubu mazito, na masharubu ndiyo adui namba moja wa miwani hii, kwa sababu ukingo laini wa silikoni unatakiwa kugusa ngozi tupu chini ya pua. Nywele zikiwa katikati, maji yanapenya tone kwa tone. Wengine hunyoa mstari mwembamba pale. Mzee alisema yuko radhi kuzama. Akauliza kama nta ya nyuki inafaa, kwa kuwa alikuwa nayo kwenye begi. Nta inaganda kwenye ukingo na kuitoa ni kazi ya wiki. Tukapaka grisi ya silikoni. Mate ndani ya kioo ili kisipige ukungu, suuza kidogo, vaa. Hapo alitii bila maswali.

Mtungi ni wa alumini, lita 11, umeshindiliwa hadi presha ya bar 200. Humo ni hewa hiihii tunayovuta, si oksijeni, ingawa kila mgeni huita oksijeni. Zidisha upate lita 2,200. Kabla ya kumvisha mtu tunafungua koki yote, tunavuta pumzi tatu nne kwenye kipumulio huku macho yako kwenye geji ya presha. Sindano ikicheza kila unapovuta, koki haijafunguka sawasawa.

"Lita elfu mbili," nahodha akasema. "Kwa maneno yako, mtani, hazifiki saa tano."

Uzito ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa, na walimu wengine wanawasaidia kuharibikiwa. Mzee ana kama kilo 90. Nilimfunga mkanda wa uzito, wa madini ya risasi, kilo 6. Hakuzama. Alielea kichwa na mabega nje, akipiga mapezi. Mwalimu mwenye haraka angemwongezea kilo 3, na huko chini mtu angekwenda kukwangua matumbawe kwa tumbo. Shida ilikuwa mapafu. Mwenye hofu anavuta pumzi, anaishikilia, anatoa robo, anavuta tena. Muda wote kifua kimejaa lita kadhaa za hewa, na kila lita moja inambeba karibu kilo moja. Nikamwambia apulize nje taratibu hadi aone hana kitu, kisha asubiri sekunde mbili tatu. Akapuliza. Akashuka wima, macho yamemtoka.

Mazoezi tulianzia maji ya kifuani, tukiwa tumepiga magoti mchangani. Kwanza kutoa kipumulio mdomoni, kuachia vipovu vidogo vidogo muda wote kisipokuwepo, kukirudisha, kisha kupuliza kwa nguvu au kubonyeza kitufe cha mbele ili maji yatoke. Vipovu hivyo si mapambo. Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kutobana pumzi hata mara moja, kwa sababu hewa uliyoivuta mita 10 chini huwa mara mbili ukifika juu, na mapafu hayana pa kuiweka. Zoezi la pili ni kutoa maji kwenye miwani: tazama juu kidogo, bonyeza ukingo wa juu kwa vidole, toa pumzi kwa pua. La tatu ni kukitafuta kipumulio kilichopotea, kwa kuzungusha mkono wa kulia nyuma kando ya mtungi.

Yote aliyafanya vizuri. Jambo moja tu lilikuwa geni: kila alipotoa kipumulio aliziba mdomo kwa kiganja cha kushoto, kama mtu anayechokoa meno mezani mbele ya wakwe. Vipovu vikamtoka katikati ya vidole. Nilichukulia ni adabu za Tabora.

Tukashuka kwa kamba ya nanga. Masikio: bana pua, puliza polepole kila nusu mita au mita, kabla hayajauma, yakishauma umechelewa, panda kidogo ujaribu tena. Kwenye mita tatu akapita pono mkubwa wa kijani akitafuna jiwe, hata mlio wake unasikika. Mzee akanigeukia kwa furaha na kunionyesha dole gumba.

Dole gumba chini ya maji ni "tupande". Halijadiliwi. Tukapanda.

"Mbona tumetoka?"

"Umesema tupande, baba."

"Nimesema safi!"

Boti nzima ilicheka. Nikamkumbusha duara la kidole gumba na cha shahada, nahodha akamshauri afunge dole kwa mpira wa manati, tukashuka tena. Kupanda na kushuka hovyo kunachosha masikio, kwa hiyo mara hii niliushika mkono wake mwenyewe.

Mita sita. Chini mchanga mweupe, pembeni matumbawe, tasi wanapita kwa makundi. Geji yake ilisoma bar 150. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kina hiki zidisha kwa 1.6, na mgeni zidisha tena kwa moyo unavyomwenda mbio. Bado tulikuwa salama: kwa mgeni tunaanza kurudi ikifika 100, na ikifika 50 lazima tuwe tumeshafika juu.

Ndipo mzee akaanza kunionyesha mdomo wake.

Nani anaonyesha mdomo chini ya maji? Anayeomba hewa. Hukai ukawaza: unampa kipumulio cha akiba, kile cha njano kinachoning'inia kifuani, halafu ndiyo unaangalia geji. Nikampa. Akatikisa kichwa. Akaonyesha mdomo tena, mara hii kwa vidole viwili, akipapasa shavu. Nikatazama geji yake: 140. Nikavuta pumzi kwenye cha njano kuhakikisha, nikampa tena. Akatikisa kichwa kwa hasira, macho mekundu, akinguruma ndani ya kidomo cha mpira. Najua leo alichokuwa ananguruma. Kidomo kina vinundu viwili vya kushikia kwa meno. Unatakiwa kuving'ata kidogo tu. Anayeng'ata kwa nguvu taya zinachoka ndani ya dakika kumi, na kama juu ana bamba la meno ya bandia, kila akivuta kipumulio huku na huku anavuta na bamba. La kwake lilikuwa limeshaachia. Lilikuwa linazunguka mdomoni, na yeye alikuwa analizuia kwa ulimi lisiende kooni.

Mwishowe akafanya alichoona mimi ninakitaka. Akakitoa kipumulio chake apokee changu.

Meno yakatoka nacho. Bamba la waridi, meno manne ya mbele, kawaya kamoja kila upande. Yalijigeuza mara moja katikati yetu, yakatutazama, yakaanza kushuka. Nikamsukumia cha njano mdomoni na kubonyeza kitufe ili maji yatoke. Akavuta pumzi moja, na kabla sijamshika vizuri akageuka kichwa chini kuyafuata.

Mtu anapogeuka hivyo, hewa iliyo ndani ya jaketi la kuelea alilovaa hukimbilia sehemu iliyo juu, yaani kiunoni, na miguu inaanza kupanda. Mzee akawa anaogelea kwa mikono kuelekea chini huku miguu inamrudisha juu. Hakwenda kokote. Nilimshika koki ya mtungi, ndiyo mpini wa mgeni yeyote, na kamba ya cha njano ikatubana uso kwa uso. Wote wawili tukawa tunatazama chini.

Meno yalitua mchangani, sentimita chache tu kutoka kwa mdudu mmoja wa miiba mirefu myeusi. Vumbi la mchanga halijatulia, wakaja wakundaji watatu. Hawa samaki wana ndevu mbili kidevuni na kazi yao ni kufukua. Mchanga ukitifuka popote wanajua kuna chakula. Wakaanza kufukua kuyazunguka meno. Mmoja akayasukuma kwa pua. Mzee akanibana mkono, nilihisi kucha zake zikipenya suti.

Nikamrudishia kipumulio chake, nikampigisha magoti sehemu ya mchanga mtupu, nikamwonyesha kiganja: tulia hapo. Nikiwa nimemshika mkanda kwa mkono mmoja, nikatoa pumzi yote ili nishuke bila kupiga mapezi, maana pigo moja tu lingefukia meno au kuyapeleka kwenye miiba. Nikayabana kwa vidole viwili. Wakundaji hawakufurahi. Nikayaingiza kwenye mfuko wa jaketi langu, nikafunga zipu, nikampa duara: sawa?

Akanipa duara. Halafu akaonyesha dole gumba, na safari hii alilikusudia.

Tulipanda polepole, mita 9 kwa dakika au chini yake, yeye akitazama mfuko wangu njia nzima. Juu nikajaza hewa jaketi lake. Nahodha akaita, "Vipi mtani, umeona nini?"

"Mmh," mzee akajibu, midomo imefungwa.

"Umemwona papa?"

"Mmh-mmh."

Tukampandisha. Mpwa wake akamweka mbele ya simu amhoji. Mzee akageukia kisiwa. Nahodha akapunguza sauti, akaniuliza kama huko chini tumemkanyaga mwenyeji wa mahali, maana watu wa bara hawajui kubisha hodi. Mzee alivumilia yote, lakini nahodha alipoanza kuvijaribu vile viatu uvumilivu ukakatika.

"Fua fiatu fyangu!"

Kimya. Halafu boti ikalala ubavu kwa kicheko. Nahodha akadaka jaketi langu, akalikalia, akatangaza fidia: kilo kumi za asali. Wakashuka hadi tano, na nta juu yake. Tuliyasuuza meno kwa maji ya kunywa, kwa kuwa maji ya chumvi yakikauka kwenye bamba yanakwaruza ufizi, na mzee akajifunika turubai kuyavaa. Alitoka akiwa mheshimiwa tena, akala changu wa kukaanga pale kisiwani hadi mifupa.

Sasa fomu ina mstari ulioongezwa kwa kalamu. Bamba la meno mawili matatu au manne linavuliwa na kubaki nchi kavu ndani ya kikopo chenye mfuniko. Ukiweza kushika kidomo bila hilo, na wengi wanaweza, tunaendelea. Mwenye seti nzima amwone kwanza daktari wa meno, kwa sababu kuna vidomo vinavyotengenezwa kwa umbo la mdomo wa mtu.

Tukiwa tunarudi Kunduchi mzee akatazama saa, akamuuliza mpwa wake kama foleni ya kwenda uwanja wa ndege ni mbaya. Ndege yake ilikuwa ya jioni ileile. Aliandika "kesho" asije akakataliwa. Nikamweleza: ukishavuta hewa ya chini ya maji, naitrojeni inayeyuka mwilini na inahitaji muda kutoka, ukipanda ndege mapema, ambako hewa ni hafifu, inaweza kutoka kwa vipovu ndani yako. Kwa mzamo mmoja ni saa 12 kwa uchache. Tulitoka majini saa nne na nusu asubuhi. Akabisha, akataka kujua kama asali inasaidia, mwisho akampigia mkewe kumwambia analala Dar.

Mkewe hakuamini hata kidogo. Akadai aongee na huyo anayemkataza mumewe kupanda ndege. Nikapewa simu, nikaeleza naitrojeni, vipovu, saa 12. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, meno yake yapo?"

"Yapo, mama."

"Mhakikishe. Hayo ni ya pili. Ya kwanza yamo Bwawa la Igombe, na mji mzima tulikuwa tunakunywa maji yale."