Bando la jero Dar, mkataba wa miezi 24 Ujerumani

Watu wakisikia naishi Ujerumani wanajua intaneti huko inamwagika kama maji ya bomba (bomba la kule lakini, sio la kwetu Tabata). Mjini sikatai, Berlin huwezi kulalamika, ila mimi nakaa kijijini Brandenburg na ukishapanda treni ya kwenda kwangu kuna vipande mtandao unakata kabisa, uko katikati ya voice note ya mama inazungukaaa mpaka stesheni inayofuata. Wajerumani wenyewe wanalitania hilo.

Kinachonikera zaidi ni wanavyouza. Ukitaka bei nzuri unasaini mkataba wa miezi 24, wanataka akaunti ya benki, anwani, na wanachungulia rekodi yako ya madeni, sasa mtu aliyetua juzi hivyo vyote anavitoa wapi? Laini za kulipia kabla zipo, sawa, lakini tangu 2017 nazo lazima uthibitishe kitambulisho, mimi nilioneshea pasipoti kwenye kamera ya simu, na hiyo video inataka intaneti, wakati intaneti ndo ninayoitafuta jamani!

Sasa niko Dar likizo. Laini yangu ya zamani ilishafungwa, nikamfuata kijana wa kusajili laini anayekaa chini ya mwavuli pale kituoni. Namba ya NIDA, kidole. Kidole kikagoma. Akafuta kimashine kwa tisheti yake, "dada futa jasho, bonyeza tena", kikakubali, nikatoa buku nikaunga bando na daladala hata haijajaa nipo hewani.

Hapo ndo naona tumewazidi, tena mbali. Mama ntilie ana jero yake (shilingi mia tano) leo anaingia WhatsApp anaongea na wateja, kesho akikosa hakuna anayemdai. Kule ukishasaini usipolipa barua za madai zinaanza kuja nyumbani.

Ila tusidanganyane, jero kila siku kwa mwezi ni 15,000, na bando la siku likiisha muda linakufa na MB zako ndani, kwa hiyo mwenye hela kidogo ndo anaenunua MB kwa bei mbaya kuliko mwenye bando la mwezi. Mnakumbuka Aprili 2021 bando zilivyopanda ghafla, watu wakapiga kelele mpaka serikali ikasitisha? Kelele zile zilikuwa za haki kabisa, na hili la MB kufa na lenyewe lingepigiwa vilevile.

Halafu kuna kijijini. Nimetoka kwa bibi huko Handeni, minara vijijini siku hizi inajengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, nawapongeza, lakini kwa bibi simu inasoma E, ile herufi moja tu pale juu, yaani mtandao wa zamani wa 2G, kupiga unapiga ila picha haifunguki. Kijijini kwangu Brandenburg mtandao wa simu mbovu na wenyewe, tofauti ni kwamba kule kuna waya unaingia mpaka ndani, nikifika nyumbani naunga wifi maisha yanaendelea. Kwa bibi hakuna waya wala wifi, ni mnara tu, ukizingua umezingua kwa kijiji kizima. Binamu yangu alikuwa anajaza fomu za chuo, kila ukurasa unagoma kufunguka, ikabidi apande boda mpaka barabara ya lami ndo 4G ishike, kwenda na kurudi boda peke yake imekula hela kuliko bando lenyewe.