Mninga si wa milango tu: zulia na mbao kwenye sakafu za Tabora

Tabora tunalala kwenye kitanda cha mninga, tunafunga mlango wa mninga, tunakalia kochi la mninga, halafu anayeutaka mninga huohuo sakafuni anaulizwa kama anafuga mchwa. Kwa anayejenga na ana uwezo wa kuchagua, jibu la haraka ni zulia: ukuta kwa ukuta chumbani, lenye manyoya marefu sebuleni, kazi imekwisha. Si jibu la kijinga, ila limetolewa kabla mbao hazijasikilizwa.

Marumaru naiweka kando. Kila mtu anajua inadekika, inadumu, na mtoto akiangukia hapo unamsikia ukiwa jikoni. Ubishi upo kwa anayetaka chumba kisichouma nyayo wala macho, na hapo wagombea ni wawili.

Zulia lina haki zake, na nyingine ni nzito. Usiku wa Juni na Julai sementi hugeuka barafu, na zulia linakata baridi hiyo papo hapo. Linameza kelele. Halitaki fundi: unapima, unakata kwa kisu, unatandika jioni ileile. Mpangaji akihama analikunja na kuondoka nalo, ilhali hakuna mpangaji mwenye akili timamu atakayemwekea mwenye nyumba sakafu ya mbao. Isitoshe, huku kwetu chini ni mahali pa kukaa. Sinia la pilau linawekwa chini, maulidi yanasomwa chini, msiba unakaliwa chini. Sebule yenye zulia zuri haiishiwi viti.

Hata ile hoja ya afya, ya vijidudu vya vumbi vinavyoamsha pumu, hutiwa chumvi. Vijidudu hivyo havinywi maji kama mbu au nzi. Huyavuta kutoka kwenye unyevu wa hewa, na unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa huanza kufa. Kiangazi chetu ni kikavu hadi midomo inapasuka. Ndugu zetu wa Kigoma, wenye ziwa mlangoni, wana sababu kubwa zaidi ya kuhofu. Kwa hiyo anayekwambia zulia ni ugonjwa mtupu, muulize anazungumzia mji gani na mwezi gani.

Kinacholiponza zulia Tabora ni vumbi lenyewe. Lile la kutandika unalitoa nje, unalitundika kwenye kamba, unalichapa fimbo na kuliacha juani. Sina ugomvi nalo. Lililogundishwa ukuta kwa ukuta halitoki. Ufagio wa chelewa unalifukuza vumbi la juu na kulishindilia la chini, na mashine ya kunyonya vumbi ni nyumba chache zinazo. Mwenye nyumba anaona pasafi kwa sababu hapaonyeshi. Kwenye ubao vumbi la leo unaliona leo, unalifagia, yameisha.

Sasa mbao. Shutuma ya kwanza ni mchwa, na inatokana na kuchanganya miti. Msonobari usiotiwa dawa, sawa, mchwa ataushukuru. Kiini cha mninga, ile sehemu ya kahawia ya ndani ya gogo, mchwa hukikwepa. Tatizo ni weupe wa nje. Ukichukua ubao ukauona una ukanda wa rangi ya krimu pembeni, hapo ndipo bungua anapoingia, na baada ya miezi utaona unga mwembamba umekaa vichuguu vidogo sakafuni. Muuzaji hatakwambia, maana ukanda ule anaulipisha bei ya kiini. Fundi mwaminifu anaukata na kuutupa, na unapaswa kuwa kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Shutuma ya pili ni kwamba sakafu ya mbao hupinda, huachana na kulia kila ukiikanyaga. Hapa ndipo mbao zinapoonewa kweli. Ubao hauachi kuvuta na kutoa unyevu hata baada ya kupigwa randa na kupakwa vanishi. Masika unatanuka kwa upana, kiangazi unasinyaa. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kukusumbua. Tabora mvua zinaanza Novemba na kukatika Aprili, baada ya hapo ni ukavu, kwa hiyo kila sakafu ya mbao hapa inatembea mara moja kwa mwaka, kwenda na kurudi. Mninga unatembea kidogo kuliko mbao nyingi ngumu, na ndiyo maana maseremala wanaupenda kwa milango. Lakini lazima uwe umekauka kabla haujalazwa.

Na kwa kawaida haujakauka. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene, mbao zikiwa zimepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake. Nani Tabora anasubiri mwaka? Gogo limepasuliwa mwezi uliopita, mbao zimefika na baiskeli au fuso, wiki inayofuata ziko sakafuni. Zikilazwa Machi zikiwa na maji yake, Agosti kati ya ubao na ubao kuna mwanya unaomeza sarafu. Zikilazwa Oktoba zikiwa kavu kabisa, zimebanwa ukuta hadi ukuta, Januari zinatafuta pa kwenda, hazipaoni, zinainuka katikati ya chumba. Dawa yake ni kuacha nafasi ya milimita 10 kila upande wa ukuta na kuifunika kwa mbao za skatingi, zile nyembamba zinazopita chini ya ukuta. Nafasi hiyo hugharimu sifuri. Isipoachwa, lawama inakwenda kwa mninga.

Zege nalo lina maji yake. Makadirio ya mafundi ni kama mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, maana yake jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 10 linahitaji miezi minne hivi, na zaidi likimwagwa masika. Kipimo chake hakina gharama. Bandika kipande safi cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kwenye zege, ziba kingo zote kwa soleteipu, kifunue kesho yake. Ukikuta matone ndani, au zege limegeuka jeusi pale chini, usilaze ubao. Wala usigundishe zulia: harufu ile ya ukungu ya nyumba mpya yenye zulia ni jamvi hilohilo linalopumulia chini yake.

Udhaifu wa kweli wa mbao ni ndoo. Sisi tunadeki. Tunamwaga maji, tunasukuma kwa fagio, tunakausha kwa tambara, na tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini tunamwaga bila huruma. Sakafu ya mbao inataka kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoki, na kila anayeshika usafi wa nyumba, mama, dada wa kazi, shangazi aliyekuja likizo, lazima aelewane na jambo hilo. Nyumba isiyoweza kuacha ndoo ichukue marumaru, na hilo nalisema bila kinyongo.

Kuhusu fedha, mbao zinaanza juu na zulia linaanza chini. Hilo halina mjadala. Ila ubao wa milimita 20 unaoungwa kwa ulimi na mtaro, yaani ulimi wa ukingo mmoja ukiingia kwenye mtaro wa ubao wa jirani, una kama milimita 6 juu ya ulimi, na kuupiga msasa upya kunakula chini ya milimita moja. Mikwaruzo ya viti na ya watoto inafutwa, unapaka vanishi au nta ya nyuki, ambayo mkoa huu haujawahi kuikosa, na sakafu inaanza maisha mengine. Unaweza kurudia hivyo mara kadhaa kabla ulimi haujatokeza. Zulia la nailoni likichakaa njia yake ni shimo la taka nyuma ya nyumba, na moshi wake mweusi kila jirani anaujua.

Hoja inayonipa shida kuijibu ni ya msitu. Chumba cha mita 4 kwa 4 kwa ubao wa milimita 20 ni mita za ujazo 0.32. Mlango mzito wa mita 2.1 kwa 0.9, unene milimita 40, ukiuhesabu kama ubao mtupu ni 0.076. Chumba kimoja kimekula milango minne. Tena gogo likipasuliwa, karibu nusu huishia kuwa mabanzi na unga wa msumeno, kwa hiyo msituni kimeondoka kama mara mbili ya kilichoingia ndani. Mkurungu, ndugu wa mninga, uliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2019, na mwaka 2022 mninga na jamii yake ya Afrika ikafuata; kuzisafirisha nje ya nchi sasa ni kwa kibali. Soko la ndani liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mbao zisizo na hati wala alama ya nyundo, ile inayogongwa kwenye mbao halali, zipo nyingi tu. Mtu anaweza kunijibu kwamba mabani ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, yale mabanda ya kukaushia majani kwa moto, yanachoma kuni kuliko sakafu zote za mkoa zitakavyowahi kula. Inawezekana, lakini kosa la bani halihalalishi la sebule.

Ndiyo maana napendekeza sakafu ya vipande vifupi: vibao vya sentimita 25 au 30 vinavyogundishwa kwenye zege kwa mpangilio wa mraba au wa mshazari. Karakana za milango na vitanda zinatoa masalia ya urefu huo kila siku, na mengi yanaishia jikoni kama kuni. Mninga wake kwa kawaida ni mkavu zaidi, maana umeshakaa karakanani. Gharama inahamia kwenye kazi: zege lisawazishwe vizuri, vipande vipigwe randa hadi unene mmoja, weupe utolewe kimoja kimoja. Mafundi wanaoijua kazi hiyo Tabora ni wachache, na anayeanza afanye nao chumba kimoja kidogo kwanza, akiangalie masika na kiangazi, kabla hajaagiza sebule.