Mpelelezi Ameshika Kitasa

Nyumbani kwetu Jumamosi usiku si jambo la mchezo. Mama Zawadi anakaanga karanga, mimi nageuza feni itazame kochi, bando nimejiunga tangu mchana, na mlango tunapiga komeo asije mtu kuazima ungo. Tunaangalia sizoni mtandaoni, kwenye ile huduma ya kulipia kila mwezi. Ina vipande vinane, tulikuwa tumeshamaliza vitano, na cha tano kiliishia pabaya: mpelelezi, mama wa makamo mwenye koti la mvua, ameshika kitasa cha mlango wa stoo. Ndani kuna mtu anakohoa. Ghafla muziki, majina yakaanza kupanda.

Wiki nzima tumeishi na kile kikohozi. Mama Zawadi anasema ni daktari, mimi nasema ni yule kaka mtu aliyedaiwa kufa maji. Tumewekeana dau la soda. Mimi ni fundi cherehani, na nakiri kuna mteja mmoja wa Kariakoo alikwenda na suruali yenye pindo moja refu kuliko jingine, kwa sababu mguu wangu ulikuwa kwenye cherehani lakini akili ilikuwa kwenye kitasa.

Jumamosi imefika. Nawasha. Sizoni haipo.

Sikusema neno. Nikapangusa rimoti kwenye msuli, nikaingia upya. Haipo. Nikaandika jina lake herufi moja moja kwa ile mishale, kazi inayochukua muda kama kutia uzi kwenye sindano usiku umeme umekatika. Ikaniletea ubao: “Huenda ukapenda hizi.” Natazama, ni Wazungu wanashindana kuoka keki. Mimi namtafuta muuaji, wananiletea sponji!

“Baba Zawadi, umebonyeza nini?” Ndiyo hivyo, ndani ya nyumba hii kitu kikipotea ni mimi nimebonyeza.

Tukampigia Zawadi, yuko Dodoma kikazi, akaunti ni ya kwake. “Shikamoo baba. Kwani hamkuona? Wameitoa. Kampuni inapunguza matumizi.”

Kupunguza matumizi nakujua vizuri. Mama lishe akipunguza matumizi, nyama kwenye pilau inakuwa ya kutafutwa kwa tochi. Mwenye daladala akipunguza matumizi, kiti kinafungwa kwa kamba ya katani. Lakini sijawahi kuona mama lishe anakuja mezani wakati umeshafikisha tonge mdomoni, anasema samahani mteja, tumepunguza matumizi, anaondoka na tonge. Halafu mwezi huohuo anapandisha bei ya sahani. Maana ujumbe wa bei mpya ulikuja tarehe 1, na ulianza kwa maneno: “Ili kuendelea kukuletea burudani bora.”

Msinione mshamba wa mambo haya. Tanzania Bara tulikuwa hatuna televisheni ya kwetu mpaka 1994. Kabla ya hapo mwenye deki ya mikanda ya video mtaani alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili. Na mimi, kabla ya cherehani, nilikuwa na duka la kukodisha mikanda Magomeni. Mikanda mia na kitu, imepangwa kwenye rafu za mbao za maboksi: Wahindi juu, Wachina katikati, makomando chini kwa ajili ya watoto kufikia. Daftari moja la kaunta, kurasa zimeloa mafuta ya vitumbua. Jina, mtaa, mkanda gani, kurudisha lini, na pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu tabia ya mteja: “anachelewa”, “deki yake inatafuna”, “mke wake ndiye analipa”.

Kwangu mkanda ukikosekana rafuni, sababu ilikuwa moja tu: yupo mtu hajarudisha. Na nyumba yake naijua. Nilikuwa nafunga duka saa 2 usiku, nakwenda kugonga. Mara ngapi nimekuta familia nzima imekaa mkekani, picha limefika penye utamu, nikakaribishwa chai, nikasubiri liishe ndipo nikachukua mkanda wangu. Hiyo ndiyo biashara. Huwezi kumnyang’anya mtu picha steringi akiwa amening’inia kwenye helikopta, hata kama anadaiwa siku tatu.

Ikitokea deki imetafuna, nilikata kipande kilichoharibika kwa wembe, nikaunga kwa selotepu. Ndiyo, picha lilikuwa linaruka. Bwana harusi yuko kwenye farasi, krrrr, ana watoto wawili. Mteja akija juu, nasimama mbele yake na mdomo wangu huu namsimulia kilichopita hapo katikati, na wimbo mmoja namwimbia. Hakuna aliyewahi kutoka dukani kwangu bila kujua mwisho wa picha. Na vibanda umiza navyo, vile vya kuonyeshea picha mtaani, pamoja na joto lile na mabenchi yale ya kuchana suruali, picha likikatika watu walipaza sauti “hela zetu!” na mwenye kibanda alitoka mbio kutafuta jenereta. Alikuwa na sura. Ungeweza kuikunjia ngumi.

Sasa huyu wa leo nimkunjie nani? Nimeingia kwenye dirisha la kuwasiliana nao. Nikaandika kwa adabu: mpelelezi wetu yuko wapi? Likajibu roboti: “Pole kwa usumbufu. Je, umejaribu kuzima na kuwasha tena?” Nikaandika: ndugu, mimi siulizi runinga, naulizia mama mwenye koti la mvua. Likajibu: “Nimefurahi kukusaidia leo! Tafadhali tathmini huduma yetu kwa nyota.” Nimewapa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hawakuiweka.

Hemedi, mpwa wangu anayesomea kompyuta, alipokuja akanikuta nimefura. “Mjomba, usihangaike, hii ndiyo staili ya sasa. Huko kwa wakubwa imeanza zamani.” Akakaa, akavuta bakuli la karanga (lote, naomba ieleweke), akanipa kisa cha Warner Bros. Discovery.

Kampuni mbili za Marekani ziliungana Aprili 2022, na ndoa ikaja na deni la mabilioni ya dola. Mahari ya kukopa, kwa maneno mengine. Wenye mali wakatafuta pa kubana. Agosti mwaka huohuo wakatangaza kwamba filamu yao ya Batgirl, ambayo ilishapigwa picha yote na iliyotajwa kugharimu karibu dola milioni 90, haitaonyeshwa. Si kwamba imeahirishwa. Si sinemani, si mtandaoni, popote.

“Imeungua?” nikauliza.

“Hapana mjomba, ipo. Wameifungia. Kwa sheria za kodi za kule, ukiandika kwamba mali imekuwa hasara, hiyo hasara inakupunguzia kodi.”

Nikamwomba arudie polepole. Kwa hiyo mimi nishone suti ya bwana harusi, vipande vitatu, bitana ya hariri, vifungo vya kuchagua mwenyewe, halafu nisimpe bwana harusi. Niifungie kabatini, funguo nitupe Bahari ya Hindi, kisha niende TRA na daftari langu niwaambie jamani, suti imekuwa hasara, tupigeni hesabu upya. Nawaona kabisa wale vijana wa dirishani. Mmoja angeniuliza kama nimekuja na ndugu wa kunishika mkono kurudi nyumbani.

Kilichoniumiza zaidi ni hao waongozaji wa filamu, vijana wawili wa Ubelgiji wenye asili ya Morocco, Adil El Arbi na Bilall Fallah. Habari iliwakuta Morocco kwenye harusi ya Adil. Walisimulia wenyewe baadaye: waliambizana waingie kwenye kompyuta ya kazi warekodi filamu yao kwa simu, walau wabaki na kumbukumbu, wakakuta wameshafungiwa. Mtu yuko kwenye harusi yake, ngoma inalia, anatafuta namna ya kuiba kazi yake mwenyewe kwa kamera ya simu. Nilikuwa natafuna karanga nikaacha.

Na haikuishia kwa ambazo hazijaonyeshwa. Wakaingia kwenye stoo ya HBO Max, huduma yao ya kuonyesha picha mtandaoni, wakaanza kutoa zilizokuwa zinaangaliwa, katuni kwa makumi, hata vipindi vya watoto vya Sesame Street karibu 200. Disney nao Mei 2023 wakatoa mafungu, pamoja na mfululizo wa Willow ambao ulikuwa haujatimiza hata miezi 6 tangu uanze kuonyeshwa. Mwanasesere wa mtumba anadumu kuliko hapo. Hemedi anasema sababu nyingine ni kwamba kitu kikikaa kwenye orodha, waandishi na waigizaji kuna malipo yao ya marudio, na kama si mali ya kampuni kuna ada ya leseni. Ukikitoa, hulipi. Sawa, nimeelewa. Hata mwenye nyumba wangu akitufukuza sote hatahitaji tena kununua balbu ya koridoni.

Katikati ya kubana huko, hela ya kubadilisha kibao cha mlangoni ilipatikana. HBO Max ikaitwa Max mwaka 2023. Mwaka 2025 ikarudi kuitwa HBO Max. Mtu amevua koti, amelikunja, kalitazama, kalivaa lilelile, na fundi wa mabango kalipwa mara mbili. Kazi kama hiyo ningeipata mimi ningeshaezeka bati.

Nimesahau ya kaya! Hii ya kwetu huku, si ya Marekani. Kabla ya kututolea mpelelezi, runinga ilituandikia siku moja kwamba haitambuliwi kuwa ya kaya ya mwenye akaunti. Kaya! Mwaka 2022 karani wa sensa alipita hapa akauliza nani alilala ndani ya nyumba usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, tukamjibu, akanywa chai, akaenda zake. Yule alitumwa na serikali. Hawa wametumwa na nani kuuliza nani kalala wapi? Zawadi nimemzaa mimi, kadi ya kliniki ninayo, chanjo zote zimejazwa. Leo kampuni inaniambia mimi na yeye ni kaya mbili, niongeze hela tuwe jamaa. Tukaongeza. Tumelipia undugu kila mwezi, halafu wakaondoka na kitasa.

Basi, Jumatatu Mama Zawadi akapata wazo. Mama Nuru wa nyumba ya nyuma alishatuambia yeye ile sizoni ya mpelelezi aliimaliza zamani. Akaalikwa. Ikachemshwa chai ya tangawizi, zikakaangwa karanga mpya, feni ikageuzwa imtazame yeye.

Jamani, mwanamke yule anajua kusimulia. Lufufu mwenyewe, yule msimuliaji wa picha za mikanda, angempisha kiti. Akafungua ule mlango kwa mkono wake, kriiii, akakohoa kikohozi chenyewe, akageuka akawa mpelelezi, kanga imekuwa koti la mvua. Ndani ya stoo alikuwemo mwanamume amefungwa kamba. Mama Zawadi akaninyooshea kidole: soda! Mimi nikasema subiri, hajasema ni nani.

“Ni yule kaka mtu,” akasema Mama Nuru, “hakufa maji.” Nikaruka kwenye kochi, karanga zikamwagika. Akaendelea. Kaka mtu akafunguliwa kamba, akalia, akasema siri anayo mama yao mzazi. Tumekaa kimya, chai imepoa. Mama mzazi akaitwa. Akaja na walinzi sita. Akapiga magoti mbele ya Sultani.

Nikasema, “Samahani shemeji. Sultani?”

“Sultani, ndiyo. Na Pasha kasimama pembeni na upanga.”

“Upanga wa nini? Si yuko mji wa pwani, ana gari la polisi?”

Mama Nuru akaweka kikombe chini. Akatutazama, akatazama runinga, akahesabu kwa vidole. Maana yeye anafuatilia tamthilia tatu kwa zamu, na mbili kati ya hizo ni za Kituruki. “Kwani ninyi,” akasema polepole, “mlikuwa mnaangalia ipi?”

Nikavuta pumzi nimweleze. Mama Zawadi akanikanyaga mguu.

“Baba Zawadi, hebu nyamaza. Mama Nuru, huyo Pasha na upanga wake, ikawaje?”