Kizuri kikikaa gizani hakijiuzi

Siku nilipoingiza kabati la kioo linalozunguka dukani kwetu, mzee mwenye duka la khanga na vitenge, fremu ya pili kutoka kwangu, alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitika, akalitazama kabati likizunguka mara mbili tatu, kisha akasema: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa wewe saa zako unazitembeza za nini?"

Sikumjibu. Mzee ananizidi umri na ananizidi miaka ya biashara, na methali yenyewe nimekua nikiisikia. Lakini maneno yake hayakunitoka, na leo, baada ya miaka mitatu ya kuuza na kabati lile, nataka kumjibu kwa adabu zote. Kariakoo hii ya sasa, hapa Dar es Salaam, kizuri kikikaa gizani hakijiuzi. Lazima kionekane kwanza, na kionekane kwa namna ambayo mteja hatasumbuliwa wala kuaibishwa. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike.

Fremu yetu iko mtaa wa ndani, si mbali na Mtaa wa Kongo. Upana wake ni mita 2.5. Mama ndiye aliyeifungua, mimi nimeipokea kwake: saa za mkononi, miwani, cheni, bangili. Kodi tunalipa ya miezi 6 kwa mkupuo, kwa hiyo kila sentimita ya ukuta ule tumeitolea jasho. Kwa miaka yote tulikuwa na kaunta moja ndefu ya kioo, saa zimelazwa chali juu ya sponji nyekundu, mstari baada ya mstari. Mteja akiinama kuangalia, mwanga wa mtaani unapiga kioo, anajiona uso wake mwenyewe kuliko anavyoiona saa. Basi yanaanza yale yale.

"Dada, nionyeshe ile."

"Ipi?"

"Ile yenye mkanda mweusi."

"Hii?"

"Hapana, ya nyuma yake."

Natoa funguo, nafungua, natoa saa, nafunga. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili sawa. Mara ya tatu mteja anaanza kuona haya. Unamwona usoni kabisa: anachukua ile ambayo hakuipenda sana ili asionekane msumbufu, au anasema "nitarudi", na wote wawili tunajua kwamba harudi.

Yamenikuta na mimi. Nilikuwa natafuta zawadi ya harusi ya mdogo wangu, nikaingia duka moja la vyombo hapa hapa mjini. Nilipoomba kuona seti ya vikombe ya tatu, muuzaji akaniuliza, "Dada, unanunua au unaangalia?" Fedha nilikuwa nazo mkobani. Nilitoka, na hadi leo nikipita mlango ule navuka upande wa pili wa barabara. Wachuuzi huko nje wanaita "Kuangalia bure! Kuangalia bure!", lakini ukishaingia ndani ya fremu zetu nyingi, kuangalia kuna gharama yake, na unailipa kwa aibu. Naliona hili ni kosa letu sisi wenye maduka. Mtu anayeangalia ameshaanza kununua, kilichobaki ni kumwacha amalize.

Kabati lenyewe nililinunua kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa anafunga duka. Sanduku la kioo la pembe nne, sentimita 40 kwa 40, urefu sentimita 90, ndani rafu nne za kioo, juu taa nne, chini mota. Lote zima lilikuwa linazunguka, kioo na rafu na saa zake, mzunguko mmoja kwa sekunde kama 20. Wiki ya kwanza niliona mabadiliko kwa macho yangu. Watu waliokuwa wakipita kwa kasi wakikwepa mikokoteni walianza kugeuza shingo. Kwamba kitu kinachojongea huvuta jicho, wauzaji wamelijua zamani. Mwaka 1897 kule Chicago, L. Frank Baum, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa hadithi zake za watoto, alianzisha jarida la wapambaji wa madirisha ya maduka, na aliwahimiza wenye maduka waweke dirishani vitu vinavyozunguka na kutembea. Sababu iko kwenye jicho lenyewe: pembeni mwa jicho herufi hatuzisomi na rangi hatuzioni vizuri, ila kinachojongea tunakinasa mara moja. Na mzee jirani yangu analijua hilo bila kuambiwa na mtu. Kila asubuhi anatundika khanga mbili juu ya mlango wake, upepo unazipeperusha mchana kutwa. Zile khanga zinajitembeza, na hakuna anayesema ni mbaya.

Furaha yangu haikudumu. Mwezi wa nne nilisikia kabati linatoa mlio wa kukwaruza, kisha likasimama, mota bado inanguruma chini. Fundi wa vifaa vya umeme alifungua, akanionyesha kwenye kiganja: meno ya gia, ya plastiki, yameng'oka kama mahindi kwenye gunzi. Spea hakuna. Akaniwekea mota ya maikrowevu mbovu, ile inayozungusha sahani ya kioo ndani. Ni kidude kidogo, kinatosha kiganjani, kinakula wati 4 tu. Nilipiga hesabu: saa 10 kwa siku, siku 26 za kazi, inakuja kama uniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa mwezi. (Zilizokuwa zikinimaliza ni zile taa nne za halojeni, wati 20 kila moja, karibu uniti 21 kwa mwezi, na joto lake lilikuwa linapindisha mikanda ya saa za rafu ya juu. Niliziondoa siku hiyo hiyo, nikaweka za LED.)

Mota ya maikrowevu ilileta mambo yake. Kasi yake inafuata umeme wa gridi, na kwa umeme wetu wa hezi 50 hiyo niliyopata ilikwenda mizunguko 5 kwa dakika. Kabati likawa linamaliza mzunguko kwa sekunde 12, bei hazisomeki. "Dada, mbona linakimbia?" Halafu kila umeme ukikatika na kurudi, lilikuwa linaamua lenyewe upande wa kwenda: leo kulia, kesho kushoto. Nilidhani imeharibika. Fundi akanieleza kwamba mota za aina ile ndivyo zilivyo, zinaanza upande wowote, kwa sababu sahani ya chakula haijali inazungukia wapi. Baada ya wiki chache nayo ikang'oka meno. Haikuwa kosa lake. Iliumbwa kuzungusha sahani na wali wa mtu mmoja, mimi nikaitwisha sanduku zima.

Hapo ndipo nilipokwenda eneo la Gerezani, kwa fundi wa vyuma. Sikumwambia nataka nini, nilimwambia linanisumbua nini. Alizunguka kabati, akapima kwa futi ya mkononi, akauliza kioo ni cha milimita ngapi. Milimita 5. Akaandika kwa chaki juu ya meza yake. Kioo cha unene huo kina kilo 12.5 kwa kila mita ya mraba. Pande nne za sanduku langu zinafika karibu mita 1.44, sawa na kilo 18. Rafu nne, akizikata duara za kipenyo cha sentimita 34, hazifiki kilo 5.

"Sasa mama," akasema, "kwa nini unazungusha nyumba? Zungusha vilivyomo ndani."

Sijawahi kuambiwa jambo dogo likanifungua macho namna ile. Sanduku likae tuli, ndani zizunguke rafu peke yake. Akachukua habu, yaani kitovu, ya gurudumu la mbele la pikipiki, na beringi zake, akaisimamisha wima kwenye stendi. Juu yake bomba moja la chuma, rafu nne za duara zimeshikwa na bomba hilo. Na kwa kuwa habu ile inazunguka kwa kusukumwa na kidole, akaniuliza kama bado nahitaji mota.

Nilisita. Nilikuwa nimezoea kuona linazunguka lenyewe. Tukakubaliana tujaribu bila mota kwanza: akafunga duara la mbao chini ya sanduku, usawa wa kiuno, kipenyo sentimita 46, kiasi kwamba katikati ya kila upande kingo zake zinatokeza sentimita 3. Mteja anagusa ukingo wa mbao kwa nje, rafu zinazunguka ndani. Kioo kimefungwa, ufunguo ninao mimi. Chini ya duara akaweka kipande cha mpira wa tairi kinachokwaruza kidogo, ili watoto wasiligeuze kuwa pia la kuchezea. Gharama yote, na usafiri wa guta, ilikuwa chini ya nusu ya bei niliyotajiwa ya kabati jipya la kuagiza kutoka nje.

Siku ya pili aliingia mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, mfuko wa sokoni umejaa mboga. Akaweka mfuko chini. Akazungusha taratibu, akapitisha rafu nzima, akasimamisha. Akarudisha nyuma kidogo, kama mtu aliyepita nyumba anayoitafuta. Akainama. Akazungusha tena hadi upande wa pili, akalinganisha, akarudi pale pale. Mimi nilikuwa nimekaa, nimejitia nafanya hesabu za daftari. Zilipita dakika sita kwa saa ya ukutani. Hakuniuliza kitu hata kimoja. Kisha akanyoosha kidole: "Hii hapa, mwanangu, ya namba kubwa. Baba yenu macho yamechoka." Bei alikwisha kuisoma. Akaomba nimpunguzie, nikampunguzia, akalipa.

Tangu hapo sijarudisha mota. Mota inavuta jicho la mpita njia, hilo sikatai, na mwenye duka la dirishani barabara kubwa huenda akaihitaji. Lakini kabati linalojizungusha lenyewe linamwamulia mteja: saa anayoitaka imepita, asubiri sekunde 20 irudi, na ikirudi inapita tena. Amesimama kama anayesubiri daladala ambayo haisimami. Linalozungushwa kwa mkono linamsubiri yeye. Na umeme ukikatika, ni kabati lile lile.

Nimesoma kwamba mwaka 1902 kule Philadelphia, kampuni ya Horn & Hardart ilifungua mgahawa ambao chakula kilipangwa ukutani kwenye visanduku vyenye milango midogo ya kioo. Mteja alikiona chakula, akatumbukiza sarafu, akazungusha kitasa kwa mkono wake, akafungua, akala. Migahawa hiyo iliendelea hadi wa mwisho ulipofungwa New York mwaka 1991. Karibu miaka 90 watu wanakuja kuzungusha kitasa! Naelewa kwa nini. Mtu akiwekewa kitu mbele ya macho na mkono wake ukaachiwa uhuru, anajisikia ni mtu mzima.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa Kariakoo, hasa wale walioko ghorofani ambako mteja hafiki ila kwa kuletwa na winga, yule anayesaka wateja huko chini mtaani: msikimbilie makabati ya taa za rangi rangi yanayong'aa wiki mbili kisha yanabaki pambo kwa kukosa gia ya plastiki. Mafundi tunao. Gerezani wanajua chuma na beringi, Keko wanajua mbao, na kioo kinakatwa kwa kipimo chako ukisubiri. Wape tatizo lako, uwasikilize. Tia grisi kila baada ya miezi mitatu, maana hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma.

Na andikeni bei. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimebishana nalo hata na mama yangu mzazi. Tunaogopa kwamba bei ikiandikwa mteja hatapatana, au jirani ataona atupige chini. Wateja wangu wanapatana kama kawaida, tofauti ni kwamba wanaanza kuzungumza wakiwa wanajua wako wapi. Kabati linalozunguka bila bei humwacha mteja na swali lile lile la kuona haya, sasa likiwa linamzunguka.

Kuna kosa moja ambalo mimi sikuliona mpaka mwezi uliopita. Alikuja kaka mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mwenzake akamvusha ngazi yetu ya mlangoni. Duara la mbao alilifikia vizuri, akazungusha, akacheka kwa kufurahi jinsi lilivyo laini. Lakini rafu mbili za juu hakuziona. Aliniuliza, "Dada, huko juu kuna nini?" na ikabidi nianze kumtolea moja moja, kama zamani, na mara ya tatu nikauona ule uso ninaoujua.

Kabati la pili fundi analipima sasa. Stendi sentimita 60, sanduku sentimita 70, rafu tatu badala ya nne, juu kabisa lisizidi sentimita 130. Jumamosi nampelekea habu.