Mwanaume haendi hospitali? Mfuateni saluni

Kila nikifungua simu nakuta mjadala uleule kutoka nyumbani Tanzania: mtoto wa kiume amesahaulika, wasichana wamepewa kila kitu, wanaume wanakufa mapema, wanakunywa hovyo, hawataki kupima. Watu wanalumbana mpaka usiku wa manane, kisha anatokea mmoja anashauri serikali iandae semina. Semina! Mimi naishi Los Angeles, upande wa kusini wa jiji, kwenye mitaa ya Wamarekani weusi. Hali ya mwanaume mweusi imewaumiza watu vichwa huku kwa muda mrefu kuliko kwetu, na wapo waliofika mahali. Hao hawakufika kwa semina.

Niseme mapema kwamba hali zetu hazifanani. Nyumbani daktari ni mweusi, polisi mweusi, mwalimu mweusi, na mwenye nyumba anayekudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni mweusi vilevile. Huku mwanaume mweusi ana sababu za kumwogopa daktari ambazo sisi hatuna. Kule Alabama, kaunti ya Macon, maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuwatibu, ili waone ugonjwa unavyokwenda. Penisilini ilikuwa tayari tiba ya kawaida tangu miaka ya 1940. Hawakupewa. Wajukuu zao wapo hai, na wakiambiwa waende kliniki wanauliza maswali ambayo marehemu baba yangu pale Tanga hakuwahi kuyauliza. Baba alikuwa haendi kwa sababu foleni ni ndefu, na kwa sababu aliamini presha ni maradhi ya watu wenye pesa.

Sababu mbalimbali, kiharusi kilekile.

Sasa tuje kwa kinyozi. Kwa Wamarekani weusi saluni ya kiume si mahali pa kukata nywele tu, na haikuanza jana. Alonzo Herndon alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1858, akajifunza unyozi, akafungua saluni Atlanta, na fedha za saluni ndizo zilizomwezesha kuanzisha kampuni ya bima ya Atlanta Life mwaka 1905. Mpaka leo mteja anarudi kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa kinyozi yuleyule, miaka nenda miaka rudi. Daktari anamwona mara moja kwa mwaka, tena akibahatika.

Daktari wa moyo mmoja wa hospitali ya Cedars-Sinai ya hapahapa Los Angeles, Ronald Victor, aliliona hilo. Alichukua saluni 52 za watu weusi na wateja 319 ambao presha yao, ile namba ya juu, ilikuwa 140 au zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, mwaka huohuo yeye akafariki. Naomba mnaoandika maandiko ya miradi huko nyumbani mlisome hili taratibu. Saluni ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza, kinyozi alizungumza na mteja wake: punguza chumvi, fanya mazoezi, nenda ukamwone daktari. Yaani kampeni, lakini kampeni inayotoka kwa mtu unayemwamini. Fungu la pili, kinyozi alimshawishi mteja akutane na mfamasia, na huyo mfamasia alikuwa anakuja palepale saluni. Kwa makubaliano na daktari wa mteja, mfamasia alipima, akaandika dawa, akarudi tena na tena kuangalia kama dawa inafanya kazi.

Baada ya miezi sita, fungu la maneno presha ilishuka kwa pointi 9. Fungu la mfamasia ilishuka kwa 27. Kwenye fungu la pili karibu theluthi mbili ya wanaume walifika chini ya 130 kwa 80. Kwenye fungu la maneno waliofika hawakutimia hata mmoja katika kila wanane.

Angalieni kilichotofautiana pale. Kinyozi alikuwepo pande zote mbili, na pande zote mbili aliaminika. Wote walielimishwa. Kilichoongezeka upande mmoja ni dawa yenyewe, na mtu mwenye ruhusa ya kuitoa, amekaa kwenye kiti cha plastiki anasubiri mtu amalize kunyolewa.

Saluni ninayonyoa mimi haikuwa kwenye utafiti ule, ila mwenye saluni, mzee mmoja mwenye asili ya Louisiana, aliiga. Kabla hajashika mashine ya nywele anakwambia, "Mkono." Anakufunga ule mkanda, unavimba, na sheria yake ni kwamba mkanda ukivimba hakuna kuongea, kwa hiyo ubishi wa Lakers, timu ya kikapu ya hapa, unakatika katikati ya sentensi na watu wanangoja kama wako msibani. Majuzi kijana aliyekaa kiti cha pili alisoma 171 juu. Akacheka, akasema mashine mbovu. Mzee akajifunga mwenyewe mbele ya watu, ikasoma 128. "Mashine nzima," akamwambia, "mbovu ni wewe." Saluni nzima ikaangua kicheko, kijana naye akacheka. Mzee hakumhubiria. Alimwandikia jina la mfamasia anayepita Alhamisi, akamwambia Alhamisi akija atanyolewa bure. Hiyo ya bure ndiyo iliyomfanya kijana aikunje karatasi na kuitia mfukoni.

Nyumbani tunayo sehemu hiyohiyo, na naweza kusema yetu ni nzuri zaidi. Ingia saluni ya kiume yoyote Magomeni ya Dar es Salaam au Ngamiani ya Tanga siku ya Jumamosi. Kuna picha za mitindo ukutani zimepauka, kuna dada wa skrabu, kuna super black kwa wazee wanaotaka kuficha ndevu nyeupe, kuna televisheni na mechi, na Simba na Yanga wanagombana hata siku ambayo hawachezi. Mwanaume anakaa pale saa nzima. Anaguswa kichwa, shingo na uso, anafumba macho, anamweleza kinyozi madeni yake na habari za nyumbani kwake. Mwanaume huyohuyo hajavuka mlango wa zahanati tangu alipompeleka mwanawe kuchanjwa, na hata siku hiyo alibaki nje na bodaboda.

Milango miwili mitatu kutoka saluni lipo duka la dawa. Na hapa sisi si wageni kabisa wa wazo hili. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa mantiki ileile: watu wananunua dawa mtaani, watake wasitake wakubwa, basi badala ya kufukuzana na muuzaji, afundishwe, asajiliwe, asimamiwe. Walimfuata mnunuzi alipo. Kwa nini kwa mwanaume tumeng'ang'ania kumwita aje tulipo sisi?

Tunamwita kweli. Mwaka 2018 ilizinduliwa pale Dodoma kampeni ya Furaha Yangu, iliyolenga hasa kuwahimiza wanaume wapime virusi vya Ukimwi. Sina ugomvi nayo. Lakini muziki ukizimwa na mahema yakikunjwa, kijana anarudi kijiweni, na kijiweni hakuna kilichobaki.

Kuna mtu ataniambia, basi tuwatumie vijana wa vijiweni wenyewe wafundishane. Lilijaribiwa Dar es Salaam, tena kwa umakini. Yapo makundi ya vijana wanayoyaita kambi, yenye uongozi na wanachama, na watafiti walichukua viongozi kutoka ndani ya kambi wakawafundisha masuala ya afya, wanachama wakapewa mikopo midogo. Upimaji wa virusi ulipanda kidogo. Magonjwa ya zinaa hayakupungua, wala ukatili dhidi ya wapenzi wao haukupungua. Mimi silisomi hilo kama aibu ya vijana wale. Nalisoma pamoja na zile pointi 9 za Los Angeles: mwenzako akikuelimisha, unaelimika, kisha unaendelea na maisha yako.

Kwa watoto wa kiume habari ni tofauti kidogo, kwa sababu mtoto hahitaji dawa, anahitaji mtu mzima mbele ya macho yake. Septemba 2021, katika shule ya Southwood huko Shreveport, Louisiana, wanafunzi 23 walikamatwa ndani ya siku tatu kwa kupigana. Si walimu walioleta suluhisho wala polisi. Akina baba kama 40 walipanga zamu, wakavaa fulana za aina moja, wakawa wanasimama getini asubuhi na kutembea kwenye korido mchana. Wanasalimia, wanatania, wanapiga vile vichekesho vya kibaba ambavyo mtoto anaona haya kuvisikia mbele ya wenzake. Mapigano yakakoma. Walijiita Dads on Duty, yaani akina baba zamuni, na hakuna mfadhili aliyewaandikia mradi.

Niliposimulia kwenye kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja, jibu la kwanza lilikuwa, "Kwetu fimbo moja tu wangetulia." Ndiyo majibu yetu. Mtoto wa kiume wa Kitanzania anakutana na mwanaume mtu mzima katika hali mbili: akichapwa na akitumwa. Nenda kikao cha wazazi shule yoyote ya msingi uhesabu suruali. Akina mama wamejaa na vitenge vyao, akina baba wanakuja siku ya kesi.

Zamani palikuwa na jando. Sisemi turudi porini. Tohara ya hospitali ni salama na sitaki mjadala juu ya hilo. Lakini jando lilikuwa na vitu viwili, kisu na mafunzo, na tulipohamishia kisu hospitali mafunzo hatukuyahamishia popote. Wanawake hawakufanya kosa hilo. Unyago ulipofifia mijini wakaja na kitchen party, wakaja na vikoba, na somo bado anamfunda mwali hata kama mwali ana shahada mbili. Ndiyo maana nachoka na huu wimbo kwamba wasichana wamependelewa. Sehemu kubwa ya walichonacho wanawake walikusanyana wakakijenga wenyewe, kwa mia tano mia tano. Sisi wanaume tulikusanyana pia, tukaangalia mpira.

Huku nako si peponi, isije mtu akadhani nauza nchi ya watu. Mwanaume anaweza kufa chumbani kwake na jirani asijue mpaka harufu itoke. Nyumbani ukikosekana kijiweni siku mbili mtu anakuja kugonga. Huo ni mtaji ambao Wamarekani wanajaribu kuujenga kwa fedha nyingi, wakati sisi tumezaliwa nao. Mwalimu mmoja wa New York, Alvin Irby, alimwona mwanafunzi wake amekaa saluni anashangaa dari, akaanzisha mpango wa kuweka vitabu vya watoto kwa vinyozi mwaka 2013. Saluni zetu zimejaa watoto kila Desemba na kila wiki ya kufungua shule. Wanashangaa dari ileile.

Kwa hiyo hoja yangu kwa wenzangu wa ughaibuni ni ya fedha. Vyama vyetu vya huku vinapenda kutuma jezi na mipira, kwa sababu picha inapendeza. Mwaka jana kwenye chama chetu nilipendekeza tutume mashine za presha, mjumbe mmoja akauliza swali la maana kuliko pendekezo langu: mtu akisoma 180, ndipo aende wapi? Mashine bila mtu wa kuandika dawa ni kampeni nyingine tu, hii ina betri. Tunachotakiwa kulipia ni muuguzi au tabibu wa zahanati ya kata, posho ya nusu siku kwa wiki, akae saluni, kwa ruhusa na usimamizi wa mganga mkuu wa wilaya, na dawa za presha za bei nafuu kama amlodipine ziwe mkononi. Na kinyozi alipwe. Kila mtu kwenye miradi yetu analipwa isipokuwa yule mwenye wateja.

Nilimpigia simu kinyozi wangu wa zamani pale Ngamiani nimpime. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kaka, wazo zuri, ila Jumamosi usinilete mtu. Nina viti viwili, Jumamosi ndiyo siku ya hela, huyo nesi nitamkalisha wapi?" Nikamwambia basi Jumanne. Akacheka. Jumanne, akasema, hata yeye mwenyewe anafungua saa sita, na wateja wa Jumanne ni wazee wastaafu wanaokuja kusoma gazeti la bure na kunyoa kwa mkopo.

Wazee wastaafu, presha zao, na muda wote duniani. Nikamwambia hao hao ndio ninaowataka, tuanze nao. Sasa anataka kujua bili ya umeme ya siku hiyo nalipa mimi au chama.