Kisu, mizani na sangara anayepungua

Ukitaja mashine mpya mbele ya wafanyakazi wa viwanda vya samaki hapa Mwanza, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: wangapi wanaondoka? Siwalaumu. Wengi wao ni vibarua, leo jina linaitwa getini, kesho haliitwi, na mtu wa namna hiyo hana akiba ya kusubiri majaribio ya mwenye mali yaishe. Ila kadiri ninavyousikiliza mjadala huu ndivyo ninavyoona kwamba tunagombana na mashine ambayo haiji, na ile inayoweza kuja, ambayo naamini tunaihitaji, hatujaitazama sawasawa.

Inayoogopwa ni mashine ya kukata. Ipo kweli. Kule Iceland kuna viwanda vinavyopiga mnofu eksirei, mashine ikaona miba ilipo, kisha ikaiondoa kwa mchirizi mwembamba wa maji yenye presha kali. Kule mishahara ni mikubwa na wa kushika kisu ni wachache, kwa hiyo hesabu inakubali. Kwetu haikubali. Sangara mmoja anashushwa akiwa na kilo moja na nusu, anayemfuata ana kilo kumi na mbili, na mashine ya aina ile inataka samaki wanaolingana. Ongeza riba ya benki, ambayo kwa wastani inacheza kwenye asilimia 15 hadi 16 kwa mwaka. Ongeza spea za kuagiza, na fundi wa kupanda ndege. Umeme nao tunaujua, mgao wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika. Mwenye kiwanda anayejua kupiga hesabu atabaki na kisu.

Na kisu chenyewe si cha kudharau. Jirani yangu wa Igogo amekata minofu kwa miaka kumi na minne. Jioni moja nilimpelekea sangara wa kilo tatu hivi. Akaweka ubao juu ya ndoo, akanoa kisu mara tatu kwenye chuma, akaanzia nyuma ya kichwa. Kisu hakukiangalia kabisa. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilitangulia kikipapasa uti wa mgongo, na kisu kikafuata kwa sauti ya kukwaruza, kama kucha inayopitishwa kwenye meno ya kitana. "Ukisikia kimya, kaka, ujue umeacha nyama," aliniambia. Alipomaliza akainua panki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, mbele ya taa, na mwanga ukapita katikati ya mifupa.

Nikamuuliza: ukichoka, tuseme saa nane mchana, unaacha nyama kiasi gani? Akasema hajui. Kiwandani kwao walipima samaki wote walioingia, na jioni wakapima minofu yote iliyotoka. Kilichotokea katikati, meza kwa meza, saa kwa saa, hakikuwa kimeandikwa popote.

Hapo ndipo teknolojia ninayoitetea inapoingia. Ni mizani kwenye kila meza, samaki anapimwa akiingia na mnofu unapimwa ukitoka, namba zinakwenda zenyewe kwenye kompyuta. Ni vipimajoto ndani ya vyumba vya baridi vinavyotuma meseji kwenye simu ya fundi kabla barafu haijayeyuka. Ni kila kreti kuwa na alama inayoonyesha ilitoka mwalo gani (pale boti zinaposhusha samaki), boti gani, siku gani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoshika kisu.

Sasa tupige hesabu, maana wengi wanaipita haraka mno. Chukua kiwanda kinachopokea tani 20 za sangara kwa siku na kutoa minofu kwa asilimia 35 ya uzito huo. Ni tani 7. Ikipanda kwa pointi moja tu, ikawa 36, zinatoka tani 7 na kilo 200. Kilo 200 kwa siku zinaweza kuonekana ni kidogo. Kwa siku 300 za kazi ni tani 60 za minofu. Ili kupata tani hizo 60 kwa ukataji wa zamani, ingebidi Ziwa Victoria litoe tani 171 nyingine za samaki. Kwa sangara wa kilo mbili mbili, ni samaki zaidi ya elfu themanini na tano. Pointi moja, kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Sangara hao elfu themanini na tano wananinyima usingizi, kwa sababu sote tunajua hali ya ziwa: nyavu zinarudi nyepesi, na samaki wasiofika sentimita 50 wanaendelea kuvuliwa kinyume cha sheria.

Sisemi mwenye kiwanda atapunguza ununuzi kwa kulionea ziwa huruma. Ninachosema ni kwamba viwanda vyetu kwa miaka mingi vimefanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa samaki, na baadhi vimefungwa. Waliorudi nyumbani hawakuondolewa na roboti, waliondolewa na meza tupu. Mwatex, kiwanda cha nguo cha Nyakato hapa Mwanza, nayo haikuangushwa na mashine za kisasa, ilidhoofika ikiwa na mashine zilizochakaa, mitumba ikiwa imejaa sokoni. Kwenye mji wenye kumbukumbu hizo, kupata zaidi kutoka kwa samaki yuleyule ndiyo njia ninayoiona ya kukuza mapato ya kiwanda bila kulikamua ziwa zaidi.

Wanaopinga wana hoja mbili ambazo sijaweza kuzipuuza. Ya kwanza ni ya mama anayekaanga mapanki. Nyama anayoiacha mkataji aliyechoka haipotei, inaliwa na familia zisizomudu mnofu. Panki likikonda, sufuria ya mtu fulani imekonda pia, na hesabu yangu ya tani 60 haina safu ya kumwandika mama huyo.

Ya pili ni nzito zaidi. Mizani inayompima samaki inampima na mkataji. Suparavaiza atakuwa na orodha ya majina kila jioni, na kwa kibarua asiye na mkataba, kuwa wa mwisho kwenye orodha kunatosha kumfanya asiitwe kesho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane kabla ya kuamua. Ni kinga nzuri, lakini kibarua asiyeitwa getini hakupewa barua yoyote, na aliyemwacha nje hatasema kwamba amempunguza.

Kuhusu vipimajoto na alama za kreti sioni ubishi wa maana. Waliokuwepo mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, wanajua gharama ya kushindwa kuthibitisha usalama wa samaki.

Kwa hiyo mizani ije, kwa masharti. Wakataji waandikiwe mikataba kabla mizani haijafungwa mezani. Kilo zinazoongezeka zigawanywe kwa kiwango kilichoandikwa ukutani, sehemu iende kwa walioshika kisu, na namba zisitumike kumkata mtu posho mpaka miezi ya kujifunza iishe. Nilimsomea jirani yangu masharti haya. Akasikiliza mpaka mwisho, akaongeza moja ambalo mimi sikuliwaza: kioo cha mizani kiwe na sura mbili, moja kwa suparavaiza na nyingine kwake yeye mkataji, ili saa nane mchana, mkono unapoanza kuchoka, awe wa kwanza kuona na aombe kunoa kisu.